Mgonjwa wa akili akiua, je, lazima anyongwe?

Mama mmoja alikuja kliniki hapa Songea, mtoto mgongoni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nesi, mdogo wangu ana kifafa na akili yake haijatulia. Siku akimuua mtu, watamnyonga?"

Mama, jibu lake si fupi. Tanzania Bara, mtu mzima akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, jaji ana adhabu moja tu ya kutoa: kunyongwa. Mjamzito hanyongwi, anafungwa maisha. Ni kweli hakuna aliyenyongwa tangu miaka ya 1990, lakini hukumu zinaendelea kutolewa. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema kumfunga jaji mikono namna hii kunakiuka haki ya kuishi, ikaiagiza Tanzania ibadilishe sheria. Kenya, Mahakama ya Juu ilikuwa imeshaamua hivyo mwaka 2017.

Kwa mgonjwa wa akili upo mlango mmoja. Ikithibitika kwamba wakati wa tukio ugonjwa ulimfanya asielewe anachofanya, hanyongwi. Anawekwa kwenye matibabu chini ya ulinzi. Uchunguzi hufanyika hospitali ya akili, mfano Mirembe na Isanga kule Dodoma. Lakini anayetakiwa kuthibitisha ni upande wa mshtakiwa. Na ugonjwa wenyewe, sisi manesi tunajua, hauji kwa ndiyo au hapana. Aliyekuwa mgonjwa nusu, mwenye uelewa mdogo tangu utoto, mlango huo unaweza kumfungia, na jaji akimwonea huruma hana pa kuipeleka. Hapo ndipo mimi naona sheria ibadilike.

Linakuhusu hata wewe uliyejifungua. Mama akimuua mwanawe wa chini ya miezi 12 kwa sababu akili ilivurugika kutokana na uzazi, sheria hailiiti kosa hilo mauaji ya kukusudia, na jaji anaweza kupima adhabu. Akiwa ni mtoto wake wa miaka miwili, kinga hiyo haipo, ingawa ugonjwa ni uleule. Kwa hiyo ukikosa usingizi hata mtoto akilala, ukasikia sauti, au ukapata mawazo ya kumdhuru, njoo siku hiyohiyo. Hatutakugombeza.

Yule mama nilimwomba alete karatasi za matibabu za mdogo wake, maana mahakamani ndizo huonyesha ugonjwa ulianza lini. Alikuwa amewashia moto. Tukafungua daftari jipya.