Mizani iko ya nani?

UKURASA WA SHERIA NA JAMAA



Vijana wawili wa Kikula walituletea ulizo hili: “Ku masomo tunafundishwa kwamba mamlaka ya inchi iko tatu: serikali, Bunge na tribinali. Lakini kama Raisi njo anatia sahihi juu ya kuweka waamuzi kazini, je, mwamuzi anaweza kumukatalia?” Ulizo ni la akili, na linagusa kila jamaa iliyo na mutoto ao lupango. Mwezi huu tunalijibu.

MIZANI YA KU DEPO

Watu wa machimbo hawana lazima ya kwenda mbali ili wafahamu jambo hili. Muchimbaji anatoka mu shimo na mifuko yake, anafika ku depo. Mizani iko ya nani? Ya yule anayenunua. Na Metorex, ile mashini ya kupima kiwango cha shaba ao cha kobalti, iko ya nani? Ya yeye vilevile. Wanamuambia: “Kilo ni hizi, kiwango ni hiki.” Pengine ni kweli. Lakini hata ikiwa ni kweli, muchimbaji anarudi nyumbani na mashaka, kwa sababu mizani iko mu mikono ya mutu anayebishana naye bei.

Mwamuzi ni mizani ya inchi. Siku unabishana na jirani juu ya mupaka wa lupango, mizani haiko yako wala haiko yake, na hivi wote wawili munaweza kuikubali. Lakini siku mutu anabishana na mukubwa wa inchi, ao na rafiki ya mukubwa, kila mumoja anajiuliza moyoni: mizani iko ya nani?

KATIBA INASEMA NINI

Katiba ya tarehe 18, mwezi wa 2, mwaka wa 2006, inajibu waziwazi. Kifungu cha 149 kinasema mamlaka ya tribinali inajitegemea mbele ya Bunge na mbele ya serikali. Kifungu cha 150 kinasema mwamuzi anatii sheria peke yake, na hawezi kuhamishwa ovyo-ovyo. Kifungu cha 151 kinakataza serikali kumupa mwamuzi amri, kukata maneno kwa nafasi yake, ao kuzuia hukumu isitimizwe. Na kifungu cha 152 kinaunda Baraza Kuu la waamuzi na watu wa parke, wanaochungana wao kwa wao. Raisi anatia sahihi, ndiyo, kifungu cha 82 kinamupa kazi hiyo. Lakini Baraza Kuu njo linapaswa kupendekeza majina.

Basi jibu la kwanza kwa vijana wetu ni hili: ndiyo, mwamuzi anaweza kumukatalia Raisi. Sheria inamuruhusu, hata inamulazimisha. Kutia sahihi haiko kununua mutu. Muone mufano wa Kanisa: Askofu njo anamutuma padri ku parokia, lakini Askofu hawezi kumuamuru afunue siri ya kitubio. Ndani ya kazi ile kuna kitu ambacho hata yule aliyekutuma hawezi kukigusa.

LAKINI MAISHA INASEMA NINI

Ku karatasi mambo ni mazuri. Ku maisha, kalamu ya wakubwa imekuwa nzito sana. Mu mwezi wa 11, mwaka wa 1998, Muzee Laurent-Désiré Kabila alifukuza mahakimu 315 kwa sahihi moja. Wakati ule Katiba ya leo haikukuwa bado. Lakini mu mwezi wa 2, mwaka wa 2008, Katiba ikiwa na miaka miwili tu, Raisi Joseph Kabila alitia mahakimu karibu 90 mu pansio kwa mara moja, hata wakubwa wa Korti Kuu. Na mu mwezi wa 1, mwaka wa 2011, Katiba ilibadilishwa, na parke ikaondolewa katika kifungu cha 149.

Mwamuzi anayeona mambo hayo anajifunza somo bila kufundishwa. Ako na bibi, ako na watoto, ako na mushahara unaochelewa. Anajua kwamba faili moja inaweza kumutupa mbali na jamaa yake ao kumukosesha mukate. Hakuna mutu anayemupiga. Kalamu tu inatosha.

NYUMBA MOJA YA LUBUMBASHI

Tutaje jambo lililotokea karibu yetu. Wako wasomaji wanaomupenda Bwana Moïse Katumbi, wengine hawamupendi. Ulizo letu haliko lile, tunaangalia mizani.

Bwana Katumbi alikuwa gavana wa Katanga tangu 2007 mupaka 2015. Mu mwezi wa 5, mwaka wa 2016, alitangaza kwamba anataka kusimama katika uchaguzi wa Raisi. Tarehe 22, mwezi wa 6, tribinali ya amani ya Kamalondo, kule Lubumbashi, ilimuhukumu miaka 3 ya buloko katika kesi ya nyumba, yeye akiwa inje ya inchi. Haikupita muda murefu, mu mwezi wa 7, mwamuzi mukubwa wa tribinali ile, Mama Chantal Ramazani Wazuri, aliandika barua. Alisema alitia sahihi kwa kulazimishwa, na kati ya waliomulazimisha alitaja mukubwa wa ANR, ofisi ya upelelezi. Serikali ilikana. Mama yule alipashwa kujificha.

Mwaka uliofuata, mu mwezi wa 7, 2017, watu wenye silaha waliingia usiku katika nyumba ya mwamuzi mwingine wa Lubumbashi, Bwana Jacques Mbuyi, wakamupiga risasi, akabaki kati ya uzima na kifo. Yeye alieleza kwamba alikuwa amekataa kumuhukumu Katumbi katika kesi ileile ya nyumba. Maaskofu wetu wa CENCO, waliopewa kazi ya kufuata jambo hilo kisha mapatano ya tarehe 31, mwezi wa 12, mwaka wa 2016, walisema bila kuficha kwamba ile haikukuwa hukumu ya haki.

Mwisho wake? Mu mwezi wa 4, mwaka wa 2019, Korti ya Kasasio ilifuta hukumu ile, na tarehe 20, mwezi wa 5, Bwana Katumbi alirudi Lubumbashi. Watu wengi walifurahi. Lakini muangalie kalenda vizuri: Raisi Joseph Kabila aliachia kiti tarehe 24, mwezi wa 1, mwaka ule. Nyumba ni ileile. Sheria ni ileile. Mutu wa ku kiti njo aligeuka. Je, mizani ilipona, ao upepo tu uligeuka?

UGONJWA HAUKO WA MUTU MUMOJA

Musiseme: “Ile ilikuwa ya wakati wa Kabila, sasa imekwisha.” Mu mwezi wa 6, mwaka wa 2020, wabunge wa upande wa Kabila walileta mipango ya sheria ya kumupa Waziri wa Haki nguvu zaidi juu ya parke. Watu waliandamana, Kinshasa na hata Lubumbashi, na mipango ile ikakwama. Walioandamana walikuwa wanalilia uhuru wa tribinali, na walikuwa na haki.

Sasa, tarehe 17, mwezi wa 7, mwaka uleule, Raisi Félix Tshisekedi alitia sahihi ya kuweka waamuzi 3 wapya katika Korti ya Katiba. Waamuzi wawili waliokuwa pale, Noël Kilomba na Jean Ubulu, alikuwa amewahamisha kwenda Korti ya Kasasio. Wao walikataa kwa barua: muda wao wa miaka 9, ambao Katiba inatoa katika kifungu cha 158, ulikuwa haujaisha. Wapya waliapa tarehe 21, mwezi wa 10, na wakubwa wa Bunge na wa Seneti hawakufika. Wengine walipiga mikono, kwa sababu walimupenda Raisi. Wengine walikasirika, kwa sababu walimupenda yule wa zamani. Wachache tu waliuliza: sheria inasema nini?

Kumbe hiyo njo shida yetu. Tunataka mwamuzi huru siku adui yetu iko ku kiti. Siku rafiki yetu anaikalia, tunataka mwamuzi musikivu.

BARUA YENYE MUHURI WA MUFALME

Biblia inajua habari hii. Mufungue 1 Wafalme, sura ya 21. Naboti alikuwa na shamba ya mizabibu karibu na nyumba ya mufalme Ahabu. Mufalme aliitaka; Naboti alikataa, kwa sababu ilikuwa uriti wa wazazi wake. Ahabu alilala kitandani na kukataa chakula. Bibi yake Yezebeli hakutuma askari. Aliandika barua kwa jina la mufalme, akatia muhuri, akazituma kwa wazee wa muji: mutangaze siku ya kufunga, mumuweke Naboti mbele ya watu, mutafute mashahidi wawili wa uongo. Kisha mumuue.

Tunazoea kumulaumu Yezebeli, na ni sawa. Lakini tusome tena kwa polepole. Yezebeli hakuwa pale. Wazee wa muji, majirani wa Naboti, watu waliomujua tangu utoto, njo walifungua barua na kufanya yote bila kuuliza hata ulizo moja. Ilifanyika waziwazi, na sala juu yake! Kama mumoja wao tu angesema “apana, siwezi”, habari hii ingekuwa ingine. Mufalme anaweza kuandika barua elfu. Zinahitaji mikono ya kuzitimiza.

Barua ya leo ni simu. Na hapa, wapenzi, tunafika nyumbani kwetu.

NA SIYE?

Mutoto anakamatwa mu konsesioni ya watu, wanamufunga. Jamaa inakutana. Neno la kwanza ni gani? “Nani anajua mukubwa? Nani atapiga simu kule juu?” Ku kesi ya lupango, tunatafuta njia ya kumuona mwamuzi usiku, na bahasha. Baba anayefanya hivi anampenda mutoto wake, tunafahamu uchungu wake. Lakini anamuzoeza mwamuzi kusikia simu kuliko sheria. Na mwamuzi aliyezoea simu yako ya Kikula, atakataaje simu ya Kinshasa? Tena siku utakapobishana na mutu aliye na simu kubwa kuliko yako, utashindwa, na hautakuwa na kinywa cha kulalamika.

Mufanye nini basi? Katiba, vifungu vya 20 na 21, inasema hukumu inasikilizwa mbele ya watu wote, na inaandikwa pamoja na sababu zake. Shirika lenu liende kukaa mu tribinali siku ndugu yenu anahukumiwa. Mukae kimya, musikilize, muandike. Muombe nakala ya hukumu. Mutafute avoka mapema, kwa sababu siku za kukata rufaa ni chache: 10 kwa kesi ya makosa, 30 kwa kesi ya lupango ao deni. Na mukiona mwamuzi aliyekataa bahasha ao simu, mumusimulie watoto habari yake kama munavyosimulia habari za watakatifu. Mwamuzi wa namna ile anaogopa. Akijua kwamba kuna watu nyuma yake, ataogopa kidogo tu.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA MU JAMAA AO MU SHIRIKA

1. Katika habari ya Naboti, wazee wa muji waliogopa nini? Siye tunaogopa nini?

2. Kama mutoto wenu angekuwa mwamuzi na kupigiwa simu ya mukubwa, mungemushauri nini usiku ule? Musijibu haraka.

3. Je, kuna mutu ambaye munapenda apate hukumu mbaya hata bila haki? Mumutaje kimya mbele ya Mungu, na mumuombee.