Mama anayelinda watoto wetu akigonjwa, nani atamlipa?

Wandugu watumishi wa migodi, na ninyi wenyeji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi,

Sisi makarani tunajua habari za ugonjwa, maana karatasi zake zinapita mikononi mwetu. Mtumishi akigonjwa anakwenda kwa munganga, analeta karatasi, nasi tunaandika. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamwamuru mwajiri amlipe theluthi mbili za mshahara, pamoja na feza yote ya watoto. Mwanamke aliyeandikwa kazini akizaa ana majuma 14 ya kupumzika, naye vilevile analipwa theluthi mbili. Si nyingi, lakini bukari inapikwa.

Sasa tuangalie mtu mwingine. Saa kumi na moja ya asubuhi baba anakwenda zamu, mama anakwenda soko. Tangu miaka ya 2003 na 2004, watumishi zaidi ya 10,000 walipoacha kazi Gécamines, wanawake wengi ndio wanaobeba nyumba. Mtoto anaachwa wapi? Kwa mama jirani. Ana wake watatu, tena anapokea wengine watano wa nyumba nne. Anawaosha, anawapa uji, anawalaza juu ya mkeka. Tunamlipa kila juma, mkononi, bila karatasi. Tunasema hana mwajiri, anajitumikia mwenyewe. Maneno hayo ni mazuri mpaka siku ya maleria.

Wakati wa mvua mama mmoja wa njia yetu alilala siku tisa. Siku ya kwanza tulimhurumia. Siku ya pili tulitafuta mama mwingine. Alipoamka hakuwa na feza, alikuwa na deni kwa mwenye kuuza dawa, na watoto watatu katika wale watano walikuwa wamekwisha hamishwa. Hakuna aliyetaka kumtendea ubaya. Sisi nasi tulikuwa kati ya wale waliohamisha mtoto.

Wengine watasema: aende akajiandikishe CNSS, ile iliyorithi kazi ya INSS ya mwaka 1961. Wandugu, tusidanganyane. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ina matawi matatu: msaada wa jamaa, hatari za kazi, na pensheni. Feza ya siku za maleria haimo. Mzigo huo uko juu ya mwajiri. Tena katika kila franga 100 za mshahara mwajiri anatoa 13, mtumishi 5. Mama huyu atamtoa wapi mtu wa kulipa zile 13? Na hata akizilipa yeye mwenyewe, siku zake tisa bado hazina mlipaji.

Basi serikali iongeze tawi la ugonjwa, na mlango wake uwe wazi kwa watu wanaojitumikia. Mapatano ya Genève namba 102 ya mwaka 1952 yanautaja ugonjwa kati ya matawi tisa ya ulinzi wa watu. Si jambo tulilobuni sisi.

Lakini tukingoja serikali, mama atagonjwa tena. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inaruhusu watu kuunda chama cha kusaidiana katika ugonjwa, nacho kitafaa kuliko likelemba. Likelemba inalipa kwa zamu, na maleria haingoji zamu. Ila chama kinataka kujazwa kila mwezi, na mama hawa wanapata feza kwetu tu.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi: mama mlinzi akigonjwa, kila nyumba iendelee kumpa theluthi mbili kwa majuma mawili, na nafasi ya mtoto ibaki kwake. Mtasema, tutalipa wanawake wawili kwa mtoto mmoja. Ndiyo. Kampani nayo inalipa watu wawili wakati mmoja wetu amelala hospitali na mwingine ameshika kazi yake, nasi hatujasikia mtumishi hata mmoja akilalamika juu ya hesabu hiyo.

Katika njia yetu nyumba tatu zimekubali. Ya nne inafikiri bado.