Risala ya Wahitimu wa Mwaka 2008 kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali ya Darasa la Saba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, walimu wetu, wazazi na walezi, pamoja na wadogo zetu mnaohitimu leo:

Sisi ni wahitimu wa shule hii hapa Mbagala, tuliomaliza darasa la saba mwaka 2008. Wengi wenu mnatujua kwa sura na kwa kazi zetu. Ndio tunaowawahisha Rangi Tatu asubuhi kwa pikipiki, tunaowatolea fedha kwenye vibanda vya wakala, tunaowapikia chapati na maharage pale kituoni, na sare walizovaa watoto leo nyingine tumezishona sisi. Mchango wetu wa madawati tumeshaukabidhi kwa Mwalimu Mkuu. Risala hii ina jambo jingine.

Mheshimiwa, umewasikia wadogo zetu wakishika kipaza sauti mmoja mmoja na kutaja watakuwa nani: rubani, daktari, mwanasheria, mwanajeshi, mwalimu, daktari tena. Tumewapigia makofi kwa moyo wote. Lakini majibu hayo ndiyo tuliyoyatoa sisi pia, karibu kwa mpangilio uleule, katika uwanja huuhuu. Shule ilikuwa imetufundisha kazi tano au sita za kutamani, na zote zilikuwa za watu ambao hatukuwahi kuwaona wakizifanya, ukimtoa mwalimu aliyekuwa mbele yetu. Hakuna aliyesema atakuwa fundi umeme au fundi bomba, wala mpima ardhi, wala mtaalamu wa maabara. Hakuna aliyesema atauza samaki Feri, ingawa baba yake aliamka saa tisa usiku kwenda huko ili yeye apate daftari.

Hatukuja kulalamika kwamba hatukuwa marubani. Mtoto wa miaka kumi na tatu ana haki ya kutamani chochote, na mtu mzima hana haki ya kuidai nchi kila alichokitamani. Tunalalamika kwamba tulisukumwa tukimbie bila kuonyeshwa njia, na kwamba kazi tulizofikia hadi leo zinahesabiwa kama si kazi.

Mwaka 2009 tuliingia kidato cha kwanza katika shule ya kata. Shule hizo zilienea kwa kasi kuanzia mwaka 2004 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, na zilitufungulia mlango ambao wengi wa kaka na dada zetu waliukuta umefungwa. Kwa hilo tunashukuru bila kinyongo. Lakini ndani ya mlango ule, mwenzetu mmoja aliyeutaka udaktari tangu darasa la nne alisoma kemia miaka minne bila kushika bureti. Mwalimu, aliyekuwa akigawana siku zake na shule ya jirani, aliichora ubaoni kwa chaki, nasi tukaichora kwenye daftari, na kwenye mtihani tukatakiwa kusoma kimiminika kimefika kipimo gani. Agizo la Rais Kikwete la kujenga maabara katika kila shule ya kata lilitolewa mwaka 2012, mwaka uleule tuliofanya mtihani wa kidato cha nne. Maabara zilipoanza kunyanyuka, sisi tulikuwa nyumbani.

Matokeo yetu nchi nzima inayakumbuka. Yalipotangazwa Februari 2013, takriban watahiniwa 60 katika kila 100 walikuwa wamepata sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume, na mwezi Mei matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Baadhi yetu tulipanda kutoka sifuri hadi daraja la nne tukiwa tumekaa sebuleni, bila kuandika hata neno moja zaidi. Iliyobaki hadi leo ni ile miezi mitatu ambayo kijana wa miaka kumi na saba aliamini kwamba nchi imemwambia hafai. Wengine hawakusubiri marekebisho. Walikuwa wameshaingia kijiweni au wameshaolewa. Yule wa udaktari alikuwa ameshakaa kwenye cherehani ya shangazi yake.

Leo ana cherehani nne na wasichana wawili anaowafundisha. Akikutazama mara moja anajua kiuno chako kabla hajachukua futi ya kupimia, na gauni likiharibiwa na fundi mwingine yeye hulifumua mshono kwa mshono na kukiokoa kitambaa. Ustadi huo ameupata kwa zaidi ya miaka kumi ya kazi, na hana cheti hata kimoja kinachousema. Alipoomba kwenda kufundisha ushonaji katika kituo fulani cha ufundi, aliulizwa cheti cha kidato cha nne. Hakuna aliyemwomba ashone.

Waliofaulu nao hawakupona, Mheshimiwa. Wenzetu waliofika chuo kikuu waliingia mwaka 2015, na wengi walisomea ualimu wa masomo ya sanaa, Historia na Kiswahili au Jiografia, kwa sababu ndiyo tahasusi waliyoweza kuisoma mahali pasipo na maabara. Juni 2016 ajira serikalini zilisimamishwa ili kuhakiki watumishi hewa. Zilipofunguliwa tena, walimu wa sayansi walitangulizwa, na sababu yake tunaielewa. Lakini hakuna aliyewaambia wenzetu hao, walipokuwa wakijaza fomu, kwamba foleni waliyokuwa wakijipanga ni ndefu kiasi hicho. Katika awamu moja ya karibuni, nafasi za walimu 14,648 ziliombwa na watu zaidi ya 200,000. Mwaka 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijazwa Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji, na mwaka 2025 nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato zikaombwa na watu zaidi ya 135,000. Wakubwa wakitaja hesabu hizi huongeza kwamba vijana wanachagua kazi. Tunaomba kauli hiyo ikome. Watu 135,000 waliojipanga mlango mmoja hawajachagua chochote.

Mmoja wa wenzetu hao walimu alijitolea kufundisha sekondari kwa miaka kadhaa, akilipwa nauli kutoka kwenye michango ya wazazi, na ikifika Januari michango ilikauka na yeye akatembea kwa miguu. Alisahihisha madaftari, alisimamia mitihani, wanafunzi wake wakafaulu. Tangazo la kazi katika shule moja binafsi lilipotoka likitaka uzoefu wa miaka mitatu, barua yake ya kujitolea haikuhesabiwa. Sasa yuko nasi kwenye kijiwe cha Zakhem.

Na hapo kijiweni, Mheshimiwa, tunakuomba usikilize kwa makini, maana ndipo tulipo wengi.

Bodaboda wengi hawana pikipiki. Pikipiki ni ya tajiri. Unampelekea hesabu kila siku, mvua inyeshe au jua liwake, umepata abiria au hukupata. Wenye bahati wanapewa mkataba: lete elfu kumi kila siku kwa muda wa mwaka na miezi kadhaa, ukimaliza chombo ni chako. Mkataba huo mara nyingi ni wa mdomo. Mwenzetu mmoja alibakiza miezi miwili tu. Akapata ajali Kongowe, akavunjika mguu, akalala hospitali, na hesabu ikasimama. Tajiri akatuma mtu kuichukua pikipiki na kumpa kijana mwingine, kwa mkataba mpya kuanzia siku ya kwanza. Fedha alizolipa zaidi ya mwaka mzima zikageuka kodi. Hakuwa na karatasi ya kumpeleka tajiri popote, hakuwa na bima ya afya, na matibabu tulimchangia sisi. Ameshapona, lakini anachechemea.

Mtu huyu ameendesha miaka minane, analisha watu watano, anawafahamu wagonjwa wa mtaa huu na njia ya mkato ya kuwafikisha zahanati usiku. Akienda kuomba mkopo anaandikwa hana kazi. Akienda kuposa anaulizwa anafanya kazi gani, akijibu anaulizwa tena. Hata yeye mwenyewe ameshazoea kusema anajishikiza tu wakati akisubiri kazi. Mheshimiwa, watu hawadai mkataba kwa kazi wanayoamini wataiacha kesho, wala hawajiwekei akiba ya uzee. Ndiyo maana tajiri hutufanya anavyotaka. Tumetumia ujana wetu wote tukiisubiri ile kazi tuliyoitaja kwenye kipaza sauti, na kazi tuliyokuwa tukiifanya kweli haikuwa na mtetezi, hata sisi wenyewe.

Kwa hiyo madai yetu yanaanza hapo. Tunaomba Halmashauri iandae mfano mmoja wa mkataba wa pikipiki kwa Kiswahili chepesi, unaotaja hesabu, muda, nini kinatokea mwendeshaji akiugua au chombo kikiibwa, na fedha zilizokwisha kulipwa zinahesabiwaje. Usainiwe mbele ya mtendaji wa mtaa, bure, na nakala ibaki ofisini. Jambo hili halihitaji bajeti. Mtu ameshaanza kazi hii leo na mwingine ataanza kesho. Tunataka apate karatasi. Tunafahamu NSSF inawapokea waliojiajiri, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Tunaomba maofisa waje kijiweni kutuandikisha, saa za mchana ambapo abiria ni wachache.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya Halmashauri inatolewa kwa vikundi. Fundi cherehani aliyekaa sehemu moja kwa miaka mingi asilazimishwe kutafuta wenzake wanne asiowaamini ili akopeshwe. Ustadi kama wake upimwe kwa vitendo na VETA kisha atunukiwe cheti, na ada ya upimaji iwe ndogo kiasi cha kulipika na mama lishe.

Miaka ya kujitolea kufundisha itambuliwe kuwa uzoefu, kwa barua ya mkuu wa shule, serikalini na katika shule binafsi. Kuhusu mikopo ya elimu ya juu, tunamshukuru Rais Samia kwa kuifuta mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiuvimbisha mkopo kila mwaka. Kwa mhitimu anayeishi kwa hesabu ya pikipiki, marejesho yaangalie anachopata.

Dai la mwisho ni la wadogo zetu hawa, na ndilo lililotufanya tuombe nafasi leo badala ya siku nyingine. Januari wataingia sekondari wakati mfumo unabadilika: kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na wakifika kidato cha nne watakuta tahasusi 65, tofauti na zile chache za wakati wetu. Fomu ya Selform, ya kuchagua tahasusi hizo, wataijaza kama tulivyoijaza sisi, dakika chache, kwa kumtazama jirani, wasipopata mtu wa kukaa nao. Kila shule ya kata hapa Mbagala ipewe mwalimu wa ushauri mwenye vipindi kwenye ratiba, asiwe mtu aliyebandikwa cheo hicho juu ya vipindi vyake thelathini. Kila mwaka, kabla fomu hazijajazwa, Serikali ibandike ukutani idadi ya wahitimu wa kila fani wanaosubiri ajira na idadi ya nafasi zilizotangazwa. Mkondo wa amali upewe karakana na walimu kwanza ndipo upewe wanafunzi, na wasipelekwe huko watoto kwa kuwa tu wameshindwa kwingine. Nasi tuko tayari kuja darasani, kwa zamu, bila posho, kueleza kazi zetu zinafanywaje, zinalipa nini na zinaumiza wapi.

Nakala ya risala hii tumeiacha kwa Mtendaji wa Kata. Tunaomba majibu ya maandishi kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Tunaomba kuwasilisha.