Baskeli ya Mlimani Bila ya Mlima

Ndugu zetu, tuambizane ukweli. Hapa Al Khuwair tunanunua baskeli za mlimani zenye springi mbele na nyuma, tairi zina meno kama ya mamba. Halafu tunazipeleka wapi? Msikitini, dukani na kurudi, lami tupu!

Kwenye lami springi ya nyuma hula nguvu za miguu, na tairi la meno huwa zito kuzunguka. Tunalipa riali nyingi ili tuchoke upesi. Mwisho baskeli inaliwa na jua kibarazani, na sisi tunapanda gari hata kwa kufuata mkate.

Unguja, mbeba nazi alichukua Phoenix: chuma kizito, keria madhubuti, gia hakuna. Njia na kazi ndizo zilizomchagulia. Sisi tunachaguliwa na macho ya jirani.

Hatusemi milima haipo. Ipo papa hapa Muscat, mawe yake makali. Mwenye kwenda huko, au kwenye kokoto za wadi, alipie gia nyepesi za kupandia, breki za diski na tairi pana lenye dawa ya kuziba matundu ya miba. Springi ya mbele inawatosha wengi; ya nyuma tumwachie anayeteremka majabali kwa kasi. Wa lami achukue tairi jembamba, laini.

Na fremu tuipime: simama umeiweka baina ya miguu, nyayo zisipokaa chini sawasawa, iache.

Basi kabla ya kuuliza bei, tujiulize: tunapita wapi?