Siku ya mwisho ya wageni: wanaacha nini shuleni?

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, Ulaya na Marekani wako likizo, na makundi ya misheni yanashuka kwa wingi katika uwanja wa ndege wa Entebbe. Vijana kumi au kumi na watano, mchungaji wao, mashati ya rangi moja. Wengine wanafika mpaka Nakivale, wilaya ya Isingiro, ambako familia nyingi za kwetu Rutshuru na Masisi zimekimbilia, hasa tangu Bunagana ilipoanguka mwezi wa sita 2022. Wanakaa siku tano au sita kwenye shule moja. Wanapaka ukuta rangi, wanafundisha nyimbo, wanacheza mpira na watoto, wanasimulia habari za Biblia. Halafu siku ya mwisho inafika. Leo ninataka kusema juu ya siku hiyo moja tu.

Mwezi wa saba uliopita nilikuwa upande wa Rubondo kutembelea watu wa ukoo, na wazazi wakanipeleka kuona. Siku hiyo hakuna aliyefundisha. Tangu saa mbili asubuhi watoto walikaa juani, madarasa yote pamoja, wakingoja hotuba. Hotuba zilisemwa kwa Kiingereza, zikageuzwa Kiswahili, zikageuzwa tena Kinyarwanda, na kila mara zikawa ndefu zaidi. Kisha bombo, kaye na biki. Walianza na darasa la saba wakishuka, na walipofika kwa wadogo wa darasa la pili kaye zilikuwa zimekwisha. Wadogo wakapewa bombo mbili mbili wanyamaze. Foto zilipigwa kwa kila mstari. Wageni walilia wakiagana na watoto, na sisemi walikuwa wanaigiza, walilia kweli. Saa tisa gari likaondoka.

Mtu asinielewe vibaya. Shule ngapi za kwetu Kivu zilianzishwa na wamisionari, Mapadre Weupe upande mmoja, Waprotestanti kutoka Uswidi na kwingine upande mwingine? Baba zetu walijifunza kusoma huko. Na huko Nakivale hali si ya kuchagua mkono. Tangu 2023 chakula cha shirika la chakula la Umoja wa Mataifa kinagawiwa kwa makundi: wenye shida kubwa wanapata sehemu, wengine hawapati kabisa, na 2025 watu wengi zaidi waliondolewa kwenye orodha. Mtoto anayekwenda shuleni na tumbo tupu akapata wiki moja ya kucheka na kuimba, hilo si jambo dogo. Mama mmoja aliniambia kwamba binti yake hakuwa ameimba tangu wavuke mpaka. Ninamwamini.

Lakini kuna neno moja linalosemwa siku ya mwisho ambalo linatugharimu sana: «Tutarudi.» Na kuna kazi moja inayofanywa siku hiyo bila maelezo: kuandika majina. Kijana wa kigeni anapita na daftari, anaandika jina la mtoto, umri, darasa, na anachotaka kuwa akikua. Kwake labda ni orodha ya watoto wa kuombea. Kwa mzazi wa kambini, orodha ni orodha. Tumeishi kwa orodha miaka yote hii: ya chakula, ya bashi, ya kuhamishiwa nchi nyingine. Jina likiandikwa na muzungu, mzazi anaelewa kwamba mtoto amepata wa kumlipia.

Papa mmoja niliyekaa naye jioni ile ana binti katika darasa la saba. Alikuwa ameuza mahindi na kuanza kuweka pesa kidogo kidogo za kidato cha kwanza, maana shule ya msingi ya serikali ya Uganda inaitwa ya bure tangu 1997, lakini sekondari ndiyo inayowashinda wengi. Mwaka uliotangulia, kundi jingine la wageni liliandika jina la binti yake. Pesa akazitumia kununua mabati. Sikumlaumu. Nani angelala chini ya bashi linalovuja akiwa na hakika kwamba karo imepata mwenyewe? Mpaka siku nilipomwona, hakuna aliyekuwa amempigia simu.

Wasiojua wafikirie pia umri. Mtoto aliyekuwa darasa la sita kwetu, anayejiandaa kwa ENAFEP kwa Kifaransa, akivuka Bunagana anakuta masomo kwa Kiingereza na anarudishwa la tatu au la nne. Ndiyo maana unakuta wasichana wa miaka kumi na sita katika darasa la saba. Huyo akikosa mwaka mmoja tena, wa kumwoa hawakosekani.

Jambo la foto nalo. Katika nchi zao, ninaambiwa, shule nyingi haziruhusu mtoto apigwe foto na mgeni mpaka mzazi atie saini. Mbona sheria hiyo inabaki uwanja wa ndege? Kuna familia huko zilizokimbia kwa sababu ya jina tu, kwa sababu ya mume aliyekataa kuingia msituni, kwa sababu ya mtoto aliyeona waliochoma nyumba. Sura ya mtoto huyo, jina lake na kijiji alichotoka vikiwekwa kwenye ukurasa wa kanisa, vinaonekana hata na yule aliyewafukuza. Naye ana simu.

Tuseme na yetu. Wako viongozi wa shule na wachungaji wetu wanaowaambia watoto waje bila viatu siku ya wageni. Wako wanaochukua katoni ya kaye kabla haijafunguliwa, na zinaonekana sokoni Base Camp wiki ijayo. Wageni hawajui. Sisi tunajua na tunanyamaza, tukiogopa kwamba tukisema hawatakuja tena.

Mimi ningependa siku ya mwisho iwe hivi: watoto wasome mpaka saa sita kama kawaida. Kaye wapewe walimu, zihesabiwe mbele ya komite ya wazazi, zigawiwe mwanzo wa muhula unaofuata wakati zinahitajika. Kisha wageni wakae chini ya mti na wazazi waeleze, kwa Kiswahili: tumeleta hiki, kimebaki hiki kwa fulani, karo hatutalipa, au tutalipa ya watoto wangapi na kwa miaka mingapi. «Hapana» iliyosemwa wazi ingemwachia yule papa pesa zake za mahindi. Baada ya hapo waimbe mpaka usiku.

Nilionyeshwa shule nyingine, si mbali, ambako walifika walimu wawili wastaafu, mtu na mke wake. Wiki nzima hawakusimama mbele ya watoto. Kila saa tisa walikaa na walimu wa madarasa ya chini, wakitengeneza kadi za picha na maneno ya Kiingereza na Kiswahili. Siku ya mwisho walimkabidhi mwalimu mkuu ufunguo wa kabati la vitabu, na orodha ya vitabu ikabandikwa ndani ya mlango. Niliifungua kabati hiyo. Vitabu vimechakaa pembeni, viwili havipo, na mbele ya kila kimoja cha hivyo viwili kuna jina la mtoto aliyekichukua.

Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi kule Uganda hufanyika mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Wazazi ambao majina ya watoto wao yaliandikwa, waende kwa mchungaji aliyewapokea wageni, waombe namba ya simu, na waulize sasa: ni ndiyo au ni hapana?