Msizime kashe ya saraka, sisi wa mbali ndio tunaolipa

Nimekuwa kimya kidogo, testi zilitubana, lakini hili la maabara siwezi kulipitisha hivi hivi bila kusema neno.

Kwa ambao hamjasikia, mpangilio wa maabara umebadilishwa. Folda zote za kozi zinakaa kwenye seva moja na mashine zetu zinaziona kupitia NFS, kama ilivyokuwa siku zote. Kilichobadilika ni kwamba kashe imezimwa. Watu walilalamika: unaweka faili kwenye folda ya kikundi, mwenzako aliyekaa mashine ya tatu anafungua folda hiyo hiyo, haioni. Inapita karibu dakika ndiyo inajitokeza. Basi suluhisho likawa kuandika noac kila mahali, na sisi tunaoingia kutoka nje kwa VPN tukaambiwa nasi tufanye vivyo hivyo. Washkaji wakashangilia. Mimi sishangilii.

Tuanze na kinachotokea unapoandika ls -l. Kompyuta inahitaji vitu viwili: majina yaliyomo kwenye saraka, halafu sifa za kila faili, yaani ukubwa, mwenye nayo, ilibadilishwa lini. Majina yanakuja kwa mafungu, hayo hayana shida. Shida ni sifa. Ukiwa umezima kashe, hata zile sifa zilizokuja pamoja na majina zinahesabika zimeshachacha, kwa hiyo mashine inarudi kuuliza seva faili moja moja. Folda ya mradi wetu ina faili kama 800. Hayo ni maswali 800, moja likijibiwa ndipo linalofuata linatumwa.

Ukiwa maabara, tuseme swali na jibu vinachukua milisekunde 0.3. Mara 800, hata robo sekunde haifiki. Nani atalalamika? Sasa hama kiti. Nikiwa likizo nyumbani, kwa mtandao wa simu na VPN juu yake, nikipata milisekunde 80 nashukuru. Mara 800 ni sekunde 64. Zaidi ya dakika nzima kusubiri orodha ya majina, sijafungua hata faili moja! Na kila swali linakula bando.

Kwetu ni Murongo. Kwa wasiopajua ni mpakani, Mto Kagera unatutenganisha na Kikagati ya Uganda. Wazee bado wanasema Karagwe, lakini tangu 2012 sisi ni Wilaya ya Kyerwa. Ukikaa upande wa mtoni simu inadaka mtandao wa ng'ambo bila kuombwa, na bando lako la Tanzania linakutazama tu. Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu anayepima kasi ya seva akiwa amekaa chumba kimoja nayo hajapima kitu.

Kuna wanaosema siku hizi mtandao una kasi, haya ni mambo ya zamani. Zamani kweli ilikuwa balaa: kabla kebo ya SEACOM haijafika Dar mwaka 2009, vyuo vingi vilitegemea setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, na swali likipanda, likashuka, jibu nalo likapanda na kushuka, nusu sekunde imekwisha. Piga hesabu ya maswali 800 kwa milisekunde 600: dakika nane. Nyaya zimetuondolea hilo. Lakini upana wa bomba na urefu wa bomba ni vitu viwili tofauti. Mwanga ndani ya nyuzi unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hauendi zaidi hata ukinunua kifurushi cha bosi. Unaweza kununua upana. Urefu kutoka Dar hadi mpakani Kyerwa utabaki ule ule.

Kwa hiyo dawa si kasi. Dawa ni kupunguza safari.

Nieleze kwa mfano wa nyumbani. Chama cha msingi cha kahawa kikibandika orodha ya wakulima ukutani, hakuna anayekwenda kwa karani kuuliza "fulani yumo? na fulani je?" jina kwa jina. Unanakili orodha, unaenda nayo nyumbani. Kesho ukitaka uhakika unauliza swali moja tu: ile orodha imebadilishwa? Ikiwa hapana, nakala yako ni halali yote. Ikiwa ndiyo, unanakili upya. Hivyo ndivyo kashe ya saraka inavyofanya kazi kwenye NFS. Mashine inashika orodha, na muda ukiisha inauliza sifa za saraka yenyewe tu. Tarehe ya mabadiliko ikiwa ile ile, orodha yote inabaki. Swali moja badala ya 800.

Muda wenyewe kwenye Linux, usipogusa kitu, ni sekunde 30 mpaka 60 kwa saraka, na 3 mpaka 60 kwa faili za kawaida. Hapo ndipo ile "karibu dakika" ya malalamiko inatoka. Seva haijaharibika wala hakuna mdudu, ni namba tu, na namba inabadilishwa. Kutoka 60 ungeweza kwenda 3. Wao wamekwenda sifuri, tena kwa noac ambayo haiishii kwenye kashe ya sifa. Inalazimisha na uandishi uwe wa papo kwa papo, kila kipande kisubiri seva iseme nimepokea. Yaani umelalamikia orodha, ukapewa na uandishi wa kobe juu yake.

Na hili si jambo jipya. Watu walishalipia somo hili kwa jasho. Pale Carnegie Mellon miaka ya 1980 walijenga mfumo wa Andrew, na toleo la kwanza lilikuwa linauliza seva kila mara kama nakala iliyopo bado ni halali. Walipokuja kupima (makala yao ilitoka 1988) wakakuta maswali ya aina ya "bado ni ile ile?" ni karibu asilimia 62 ya maombi yote, na ya kuuliza hali ya faili karibu 27. Jumlisha mwenyewe. Kuchukua faili zenyewe ilikuwa asilimia 4 tu! Seva ilikuwa inachoka kwa kujibu kwamba hakuna kilichobadilika. Wakageuza utaratibu: seva ikaahidi kwamba kitu kikibadilika itakuambia yenyewe, usipoambiwa endelea na nakala yako. Karani anakupigia simu, wewe huendi.

Ni utaratibu mzuri, lakini nao una gharama yake. Karani inabidi akumbuke kila aliyechukua nakala, na siku simu yako imezima (umeme, si mnajua) lazima pawe na kanuni ya nani aaminiwe. NFS toleo la 4 linalimaliza kwa mkataba wa muda, kwenye seva ya Linux kawaida sekunde 90: usipojitokeza, ulichopewa kinaweza kuchukuliwa. Toleo la 4.1, lililochapishwa 2010, lina hadi utaratibu wa kukabidhiwa saraka nzima kwa ahadi ya namna hiyo, ila kuandikwa kwenye itifaki ni kimoja na kutengenezewa programu ni kingine, na kwa miaka mingi umebaki zaidi kwenye karatasi. Kwa hiyo sitegemei maabara yetu iutumie. Nategemea tutumie vizuri tulichonacho.

Tulichonacho kinatosha, kwa maoni yangu.

Kwanza, wengi waliolalamika hawakuwa na shida ya orodha iliyochelewa kwa ujumla. Shida yao ilikuwa faili ambalo mashine ilishakariri kwamba halipo. Umeulizia ripoti.doc kabla mwenzako hajaiweka, mashine ikaambiwa haipo, ikashika jibu hilo. Ameiweka, unaulizia tena, inakujibu haipo kutoka kichwani mwake bila kwenda popote. Hilo linaudhi, nakubali kabisa. Lakini lina dawa yake ya peke yake, lookupcache=positive: yaliyopo yakumbukwe, yasiyopo yaulizwe upya kila mara. Neno moja kwenye mstari wa kupachika. Umbali unabaki na nafuu yake, na lile "haipo" la uongo linaondoka.

Pili, folda za vikundi zipachikwe peke yake na zipewe muda mfupi, tuseme sekunde 3. Folda za notsi za miaka iliyopita ambazo hazijaguswa tangu wenye nazo wamalize digrii zipewe hata dakika kumi. Kwa nini notsi za zamani ziulizwe kila sekunde kama habari za mpira?

Tatu, na hili ni letu wanafunzi wala si la fundi wa maabara: tuache kurundika. Saraka ikibadilika hata kwa faili moja, tarehe yake inabadilika, na kila aliyeshika orodha anaitupa yote na kusoma upya. Kumbuka kihariri chako kinaandika faili zake za siri humo humo. Vim inaweka .swp, LibreOffice inaweka faili la kufuli. Kwa hiyo mtu mmoja kufungua insha yake kwenye folda ya watu 200 anawatupisha orodha wote. Kila kikundi kikiwa na folda yake ndogo, anayehariri anajisumbua mwenyewe na wenzake wanne tu.

Toleo la 3 la NFS, la 1995, lilikwishaleta pia ombi la kuchukua majina na sifa zake kwa mkupuo, READDIRPLUS. Kwa aliye mbali ni mkombozi, ila lina uzito kama ulihitaji majina tu. Kwenye Linux mashine inakisia yenyewe ilitumie lini. Sitaki kulirefusha hapa, ila mkumbuke kwamba ukishaweka noac faida yake karibu yote inapotea.

Najua hoja itakayokuja: na siku ya kukusanya kazi je? Mtu aweke faili saa 5:59, orodha ya mwalimu isiionyeshe, apewe sifuri? Hoja ina uzito, maana hapo ni maksi za mtu na pengine bumu la mwaka mzima. Lakini muda wa kukusanya usipimwe kwa macho ya mtu anayetazama folda kutoka mashine yoyote ile. Upimwe pale pale kwenye seva, ambako faili limeandikwa na saa yake ipo. Kutumia orodha ya mbali kama saa ya mtihani ni kosa hata kashe ikiwa sifuri, kwa sababu mtandao wenyewe ukikatika dakika ile kashe haina lawama.

Barua nimeshaiandika, kurasa moja na nusu, ina vipimo nilivyochukua maabara na nilivyochukua nyumbani wakati wa likizo, vyote kwenye folda ile ile. Nakala ipo kwa CR. Wenzangu wa Kigoma, Rukwa, Mtwara na popote mnaposubiri orodha ifunguke, pimeni na nyie kwa kuandika time mbele ya ls -l, mara mbili mfululizo, kwanza na noac halafu bila noac, mnitumie namba kabla ya Ijumaa. Wa hosteli mje kusaini, na mje na namba ya usajili.