Vichezeo vya paka navyo vikaguliwe

Mhariri,



Nina paka jike, Chausiku. Juzijuzi nilimnunulia dukani kichezeo cha kutafuna: samaki wa mpira laini mwenye mkia wa nyuzi za plastiki zinazometameta na kikengele tumboni. Kwenye pakiti amechorwa paka akimtafuna samaki huyohuyo, na imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni salama kwa meno na fizi. Kitu kimetengenezwa kitafunwe, naye akatafuna.

Kesho yake mkia haupo. Jioni akaanza kutapika povu la njano. Chakula hataki, hata dagaa, ambao siku zote akisikia harufu yao haniachi nikawaosha kwa amani. Akajikunyata uvunguni, ukimgusa tumbo analia. Nikamtia kwenye kikapu, nikapanda bajaji hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari akamfunua kinywa, akauinua ulimi kwa kidole, akanionyesha. Uzi wa rangi ya fedha umezunguka shina la ulimi, umebana hadi nyama imevimba, na ncha yake imeteremka kooni. Ulimi wa paka una vimiba vilivyoelekea nyuma, akaniambia, kwa hiyo uzi ukishanasa pale hautemeki, humezwa tu. Ukikwama juu huku utumbo unauvuta chini, utumbo hujikunja marinda kama sketi ya shule, na uzi ukizidi kukaza huukata.

Alipasuliwa usiku uleule. Umeme ukakatika kazi ikiwa katikati, daktari akamalizia kushona kwa mwanga wa simu niliyoishika mimi, mkono unatetemeka. Chausiku yu hai, namshukuru Mungu na daktari yule. Fedha zilizotoka zilikuwa za ada ya mwanangu.

Nikarudi dukani. Muuzaji akasema yeye anauza tu, mzigo unakuja na kontena. Nikaenda ofisi inayohusika na ubora wa bidhaa, nikapokelewa na kijana ambaye hata kukishika hicho kichezeo hakutaka. "Mama, sisi tunaangalia vya watoto. Hicho ni cha paka."

Nasema jibu hilo halifai. Dukani pale vya paka na vya watoto vimepangwa rafu moja, na mtoto anayetambaa hasomi pakiti. Kikengele kile ni kama punje ya kunde, kinamtosha kabisa mtoto kupaliwa. Vichezeo vya watoto vina kiwango cha kimataifa, ISO 8124. Huvutwa na kuangushwa kuona kama kuna kipande kitakachochomoka. Hata sheria ya Ulaya ya mwaka 2009 juu ya vichezeo inawahusu watoto walio chini ya miaka 14, paka hawamo. Kwa nini mkia wa samaki wa paka usivutwe vilevile kabla haujafika sokoni? Mashine ya kuvuta ni ileile.

   

Wenye mamlaka waviondoe madukani vichezeo vyenye nyuzi, manyoya ya kubandika na vikengele hadi vipimwe. Nanyi wafugaji wenzangu, mkiuona uzi umening'inia mdomoni mwa paka au nyuma yake, msiuvute hata kidogo, mtaukata utumbo. Mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo.

Mfuga paka,
Tanga